Maharagi, Njegere na Mlango wa Seli: Namna ya Kupima Protini Zinazoshika Sukari

Kila mwaka wanafunzi wa biokemia hunijia na swali lile lile: jeni huingizwaje ndani ya seli, na ni kipande gani cha jambo hilo tunachoweza kukiona kwa macho hapa Bukavu? Huwa nawaambia waende soko la Nyawera wakanunue kopo la maharagi mekundu na kopo la njegere kavu, zile ambazo wauzaji wengi huziita petipwa. Mama wa sokoni atauliza unapikia watu wangapi. Mwambie ni za shule.

Uso wa kila seli umefunikwa na sukari. Siyo sukari ya chai. Ni minyororo ya sukari iliyofungwa kwenye protini na mafuta ya utando, imesimama kwa nje kama majani ya malisho. Zipo protini zinazoitambua minyororo hiyo na kuishika. Zinaitwa lektini, jina zililopewa na William Boyd mwaka 1954 kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua, na hakika zinachagua: hii inashika manozi na glukozi, ile inataka galaktozi, nyingine haitaki sukari moja moja mpaka iukute mnyororo wenye matawi. Mbegu za jamii ya kunde zina lektini kwa wingi. Seli za ini letu nazo zinazo juu ya ngozi yao, na hapo ndipo baadhi ya dawa za kunyamazisha jeni zinapopita leo kuingia ndani. Kanuni ni ile ile kwa njegere na kwa ini. Tuanze na njegere.

Vitu vya kutafuta

Unahitaji mbegu kavu, nzima, zisizotobolewa na wadudu. Usinunue unga uliosagwa tayari, kwa sababu huwezi kujua kama mbegu zilikaangwa kwanza. Farmasini chukua chupa ya serumu ya chumvi ya asilimia 0.9 na chupa ya serumu ya glukozi ya asilimia 5, zile zile za kutundikia wagonjwa. Hizo mbili zinakuondolea nusu ya taabu, maana zimepimwa sawasawa na seli za damu haziumii ndani yake. Tafuta pia sitrati ya sodiamu ya asilimia 3.8, ya kuzuia damu isigande yenyewe, pipeti inayopima maikrolita 25 na 50, santrifuji ndogo (mashine ya kuzungusha vichupa ili vizito vitue) hata kama ni ya mkono, na sahani ya plastiki ya vishimo 96 vyenye kitako cha mviringo. Sahani hiyo utaikuta kwenye labo za mifugo, kwa kuwa ndiyo wanayotumia kupima kideri cha kuku: kirusi cha kideri nacho hushika sukari za chembe nyekundu na kuzigandisha pamoja. Ukimpata fundi wa labo ya mifugo aliyezoea kazi hiyo, kaa karibu naye. Mkono wake unajua mambo ambayo daftari halijaandika.

Damu iwe ya sungura. Chembe zake nyekundu hugandishwa vizuri na lektini nyingi, na hapa kwetu sungura wanafugwa na kuliwa, hivyo mililita mbili wakati wa kuchinja si shida. Sipendi wanafunzi wachomane vidole wapate damu ya mtu. Homa ya ini na virusi vingine havina haja ya kuingizwa kwenye somo la maharagi.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: usiguse kwa kazi hii mbegu za nyonyo, yaani mbarika unaoota kando ya njia, wala zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi. Ni kweli kwamba elimu ya lektini ilianzia kwenye nyonyo, pale Hermann Stillmark alipoonyesha mwaka 1888 kwamba maji yake hugandisha chembe za damu. Lakini sumu yake inaua mtu kwa kiasi kidogo sana.

Hatua ya kwanza: kutoa lektini kwenye mbegu

Saga gramu 10 za maharagi makavu mabichi mpaka uwe unga laini, uchekeche, kisha ufanye vivyo hivyo kwa njegere kwa kinu kingine au kinu kilichooshwa. Funga pua na mdomo kwa kitambaa. Kinu hicho kisirudi jikoni.

Weka gramu 5 za kila unga kwenye mililita 50 za serumu ya chumvi. Koroga taratibu kwa saa moja au mbili, bila kupigapiga mpaka povu lijae, maana povu linaharibu protini. Kama una frigo, liache humo usiku kucha. Asubuhi chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili, halafu zungusha kwenye santrifuji kwa dakika 20. Umeme ukikosekana, acha chupa isimame wima mahali pa baridi mpaka uchafu utue, kisha nyonya maji ya juu bila kutikisa. Utabaki na maji ya manjano hafifu yenye harufu ya maharagi mabichi. Yagawe kwenye vichupa vidogo, uandike tarehe, na usiyaache nje, kwa sababu bakteria huyapenda kuliko wewe unavyoyapenda.

Hatua ya pili: kuandaa chembe nyekundu

Pokea damu ya sungura moja kwa moja ndani ya sitrati: sehemu 9 za damu, sehemu 1 ya sitrati. Geuza kichupa polepole mara kadhaa. Zungusha mizunguko 1,500 kwa dakika, dakika 5. Toa maji ya juu pamoja na utando mweupe, ongeza serumu ya chumvi, geuza, zungusha tena. Fanya hivyo mara tatu, na usipunguze. Lektini ya njegere inahitaji kalisi na manganizi ili mfuko wake wa kushika sukari ukae vizuri, na sitrati huiba kalisi. Kuosha mara tatu kunaiondoa sitrati, na kunaondoa pia protini za damu zenye sukari zake zenyewe, ambazo zingeishika lektini kabla haijafika kwenye chembe.

Hapa ndipo mimi niliharibu kazi yangu ya kwanza. Serumu iliisha nikiwa katika kuosha mara ya tatu, nikajazia na maji ya bomba yaliyochemshwa, nikidhani kiasi kidogo hakidhuru. Nilipoinua kichupa kwenye dirisha niliona kimevutia sana: chekundu, kinang'aa, unasoma maandishi kupitia upande wa pili. Nilidhani ni usafi. Kumbe chembe zote zilikuwa zimepasuka, na nilichokiona ni rangi yao iliyomwagika. Mchanganyiko mzuri wa chembe hauonyeshi ng'ambo. Ni mzito kidogo, kama juisi ya maracuja iliyotiwa rangi. Ukiweza kusoma kupitia humo, mwaga uanze upya.

Mwishoni chukua mililita 0.1 ya chembe zilizotua uziweke kwenye mililita 4.9 za serumu ya chumvi. Hiyo ni asilimia 2, na inatosha sahani nzima.

Hatua ya tatu: sahani

Kwenye mstari wa vishimo 12 weka maikrolita 50 za serumu ya chumvi kila kimoja. Ongeza maikrolita 50 za maji ya maharagi kwenye kishimo cha 1, changanya kwa kunyonya na kutoa mara tano, hamisha maikrolita 50 kwenda cha 2, changanya, hamisha, mpaka cha 11. Maikrolita 50 za mwisho zitupe. Kishimo cha 12 kisipate lektini hata tone, kwa kuwa hicho ndicho shahidi wako, wa kulinganisha na vingine. Sasa una maji yaliyopunguzwa mara 2, mara 4, mara 8, hadi mara 2,048. Mstari wa pili ufanyie maji ya njegere. Kisha ongeza maikrolita 50 za chembe kwenye kila kishimo, ukianzia cha 12 kurudi nyuma ili usibebe lektini nyingi kwenda kwenye kidogo. Funika. Usiisogeze sahani kwa saa moja.

Kusoma kunataka macho yaliyotulia. Weka sahani juu ya karatasi nyeupe. Kwenye kishimo cha 12 chembe zimeteleza zikakusanyika katikati ya kitako, zikawa kitone kidogo, chekundu sana, chenye ukingo mkali kama kilichorwa kwa kalamu. Kwenye kishimo cha 1 hakuna kitone. Chembe zimeshikana, zimetandaa kitako chote kama zulia jembamba, na ukingo wake wakati mwingine umekunjika. Inamisha sahani kidogo: kitone cha chembe huru hutiririka kama machozi, zulia halisogei. Kati ya hivyo viwili tafuta kishimo cha mwisho chenye zulia. Kama ni cha 8, basi nguvu ya maji yako ni 256. Andika namba hiyo papo hapo, maana ukingoja mpaka jioni chembe huanza kuteleza na zulia linadanganya.

Zulia hilo linatokea kwa sababu lektini ina mikono zaidi ya mmoja. Ile ya njegere ina miwili. Ile ya maharagi mekundu imeundwa na vipande vinne, na vipande hivyo ni vya aina mbili, moja inayopenda chembe nyekundu na nyingine chembe nyeupe. Mkono mmoja ukishika chembe hii na mwingine ukashika ile, daraja limejengwa.

Hatua ya nne: sukari shindani

Nawaomba wanafunzi wangu wasiruke hatua hii, hata siku ikiwa imekwisha. Kuona chembe zimegandana hakuthibitishi kwamba sukari ndiyo iliyoshikwa. Tindikali hugandisha, uchafu hugandisha, tanini za maganda ya maharagi nazo zaweza kugandisha. Uthibitisho unakuja pale unapoleta sukari huru, nyingi, ishindanie mikono ya lektini, na mshikamano ukavunjika. James Sumner na Stacey Howell walifanya hivyo mwaka 1936 kwa lektini ya maharagi ya aina nyingine, na walichotumia kuuzuia mshikamano ni sukari ya miwa.

Punguza maji ya njegere ili yabaki na nguvu ndogo unayoijua. Kama nguvu yake ilikuwa 256, yapunguze mara 32. Kisha andaa vishimo vitano. Cha kwanza: maikrolita 25 za njegere na 25 za serumu ya chumvi. Cha pili: 25 za njegere na 25 za serumu ya glukozi. Cha tatu: 25 za njegere na 25 za galaktozi, gramu 5 katika mililita 100 za maji safi, kama labo yako inayo. Cha nne: 25 za glukozi na 25 za chumvi, bila njegere. Cha tano: chumvi tupu, 50. Subiri nusu saa, ongeza chembe maikrolita 50 kila kimoja, subiri saa moja.

Kazi ikienda sawa, cha kwanza ni zulia, cha pili ni kitone, cha tatu ni zulia. Vya nne na tano ni vitone. Glukozi na galaktozi zina uzito ule ule na atomu zile zile, na zinatofautiana mahali pamoja tu, kundi moja la oksijeni na haidrojeni linaloelekea juu badala ya chini. Njegere inaiona tofauti hiyo. Kila mara nikiziona vishimo cha pili na cha tatu vikiwa vimekaa jirani, kitone na zulia, nafurahi kama mara ya kwanza. Kama cha pili kimesitasita, tumia glukozi ya asilimia 10. Mkono mmoja wa lektini unaishika sukari moja kwa ulegevu, ndiyo maana sukari huru inatakiwa iwe nyingi.

Rudia kwa maji ya maharagi. Glukozi haitazuia kitu, na hapo wengi hudhani wamekosea. Hawajakosea. Lektini ya maharagi inatafuta mnyororo wenye matawi, na sukari moja huru haiitoshi.

Hatua ya tano, kwa ajili ya chungu

Kwa kuwa umeshakuwa na kipimo mkononi, kitumie kwenye chakula. Loweka maharagi usiku kucha, mwaga maji, tia kwenye maji yanayochemka, toa punje 20 mwanzoni, baada ya dakika 5, baada ya 10 na baada ya 30, kisha uzipime kama hatua ya kwanza na ya tatu. Weka na chungu kingine kisichochemka, kikae kwenye nyuzi 80. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 95. Zinatosha kuiharibu lektini kama maharagi yanachemka kweli kweli. Hatari iko kwenye chungu kilichowekwa juu ya makala machache ili kuokoa pesa, kikapata joto bila kuchemka. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeandika kwamba maharagi mekundu mabichi yana vipimo vya nguvu ya kugandisha kati ya 20,000 na 70,000, yaliyoiva vizuri kati ya 200 na 400, na kwamba punje nne au tano mbichi zinaweza kumtapisha mtu ndani ya saa moja hadi tatu. Maharagi yaliyopashwa moto nusu nusu yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi. Nawaambia wanafunzi wayapeleke nyumbani matokeo hayo kabla ya kuyapeleka kwa mwalimu.

Damu na vishimo vilivyotumika vilowekwe kwenye javeli kwa nusu saa kabla ya kutupwa. Nawa mikono.

Hatua ya sita: kuuchora mzigo wa jeni

Sehemu hii inafanywa kwa kalamu. Chora seli ya ini. Juu ya ngozi yake weka vipokezi vingi, ambavyo ni lektini zinazoshika galaktozi na ndugu yake, N-asetilgalaktosamini. Gilbert Ashwell na Anatol Morell walivigundua wakifuatilia protini za damu walizowadunga sungura. Protini ikivuliwa sukari ya mwisho ya mnyororo wake, galaktozi iliyokuwa chini inabaki wazi, na ndani ya dakika chache ini linaiondoa kwenye damu.

Sasa chora mzigo. DNA, ambayo jeni ni kipande chake, ina chaji hasi. Polilisini, mnyororo wa amino asidi zenye chaji chanya, huikumbatia na kuikunja iwe kifurushi kidogo. Juu ya polilisini funga kitu chenye galaktozi wazi. George Wu na Catherine Wu walichapisha kazi ya namna hiyo mwaka 1987, na jeni yao ikaingia kwenye seli za ini zenye kipokezi. Huko Orléans, Ufaransa, kundi la Roger Monsigny lilifunga sukari moja kwa moja kwenye polilisini, na wanafunzi wetu wasomao Kifaransa watanufaika wakitafuta maandishi yake. Ukitaka makrofaji, yaani chembe za mwili zinazomeza vijidudu, badala ya ini, badilisha galaktozi uweke manozi.

Kwenye mchoro wako, kila mahali unapofunga sukari andika tatu, usiandike moja. Unakumbuka glukozi ilivyotakiwa kwa wingi kwenye sahani? Yuan Chuan Lee alionyesha kwamba galaktozi tatu zilizopangwa kwa nafasi inayofaa hushikwa na kipokezi cha ini kwa nguvu inayozidi sana mara tatu ya moja. Inazidi mara maelfu. Dawa za leo zimefuata hesabu hiyo: givosirani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, imebeba N-asetilgalaktosamini tatu mgongoni mwa kipande kifupi cha RNA, ndugu wa DNA, chenye kunyamazisha jeni, na inklisirani ya kushusha kolesteroli hudungwa chini ya ngozi mara mbili kwa mwaka baada ya dozi za mwanzo.

Kisha chora shida. Mzigo ulioshikwa humezwa na seli ndani ya kifuko, endosomu, na kifuko hicho kinazidi kuwa kichachu mpaka mzigo unasagwa. Sehemu kubwa hufia humo. Kwenye labo watafiti waliongeza klorokini, ile ile ya malaria ambayo wazazi wetu waliimeza na tunaujua uchungu wake. Inaingia kifukoni, inapunguza ukali wa uchachu, kifuko kinavimba, na baadhi ya DNA inatoka nzima. RNA ya kunyamazisha jeni ikitoka hapo imefika, maana kazi yake iko nje ya kiini. DNA bado ina ukuta wa kiini mbele yake, na huupita kwa urahisi zaidi seli inapogawanyika, kwa kuwa ukuta huo hubomoka kwa muda.

Mwisho wa mchoro andika utakavyojua kama jeni imeingia. Tumia jeni ya kimulimuli inayotengeneza kimeng'enya cha mwanga: seli iliyopokea mzigo, ukiilisha kemikali yake, inatoa nuru, na nuru inapimwa. Pembeni chora vishimo vitano kama vile vya njegere. Mzigo wenye galaktozi. Mzigo usio na sukari. Mzigo wenye galaktozi kwenye seli zisizo na kipokezi. Seli peke yake. Na kishimo ambacho wengi hukisahau, mzigo wenye galaktozi uliozungukwa na protini huru yenye galaktozi wazi, kwa wingi, ili ishindanie vipokezi. Nuru ikizimika hapo, mzigo ulipita kwenye mlango wa sukari. Ikibaki ile ile, uliingia kwa njia nyingine, pengine kwa chaji yake tu, na mchoro wote wa sukari unabidi ufutwe uanzwe upya.